Ukungu Unaokula Nyota

Mama mkwe wangu huwaambia watu kwamba nimekula nyota tatu za mwanawe. Husema hivyo dukani, husema hivyo saluni, na siku moja alimwambia fundi bomba aliyekuja kuzibua sinki letu, mtu ambaye hakuwa ameuliza chochote. Fundi bomba alinitazama kuanzia utosini hadi vidole vya miguu, akatikisa kichwa, akarudi zake chini ya sinki.

Sikatai. Nimezila. Ila naomba nieleze nilivyozila, maana asiyejua kazi yangu ataniona mchawi bure.

Mimi na mume wangu tunafanya kazi jengo moja, ghorofa moja, vyumba viwili vinavyotazamana. Yeye hutafuta vyanzo vya miale ya gama, yaani vitu vilivyo mbali angani vinavyotoa mwanga wenye nguvu nyingi mno, mwanga ambao jicho la mtu haliuoni. Setilaiti ndiyo inayouona na kututumia picha zake. Kazini wanamwita Mwindaji, na jina hilo analipenda kupita kiasi. Nyumbani vyanzo vyake tunaviita nyota, ingawa vingi ni mabaki tu ya nyota zilizokwisha kufa. Tulijaribu kumweleza mama habari ya mabaki, akasema hakumsomesha mwanawe kwa taabu yote ile ili aje kuokota makombo.

Mimi natengeneza ukungu. Ukiitazama galaksi yetu kwa miale ya gama, vyanzo ni vidoa tu. Sehemu kubwa ya mwanga ni utando mpana uliotanda toka upande mmoja wa picha hadi wa pili, utando usio na mwenyewe. Huo ndio ukungu. Ili Mwindaji avione vidoa vyake, ni lazima kwanza mtu akadirie ukungu una mwanga kiasi gani kila mahali, halafu uondolewe. Mtu huyo ni mimi. Nahangaika nao mwaka mzima, kisha wenzangu wanauchukua, wanauondoa, na kinachobaki ndicho wanachokipigia makofi. Wageni wakiambiwa hivyo hunionea huruma. Wasijisumbue. Ukungu ni mzuri kuutazama kuliko vidoa, una mikunjo na mabonde, na wananiita Mama Ukungu nami naitika.

Sasa hizo nyota tatu. Kila Mwindaji alipoleta kidoa kipya, niliirudia ramani yangu, nikakuta mahali pale pana gesi nyingi kuliko tulivyodhani. Penye gesi nyingi pana ukungu mwingi. Nikaongeza ukungu, kidoa kikazimika. Mara ya kwanza alininunia kutwa nzima. Mara ya pili alicheka. Mara ya tatu hakununa wala hakucheka. Alifika nyumbani akaosha vyombo vyote, pamoja na vile vilivyokuwa safi kabatini. Hiyo ya tatu iliniuma mimi kuliko yeye.

Basi Jumatatu moja akaingia ofisini kwangu bila kubisha, shati limechomoka upande mmoja.

"Njoo uone," akasema.

"Nini tena?"

"We njoo tu."

Nikamfuata hadi kwenye kompyuta yake. Katikati ya picha nyeusi palikuwa na kidoa, kidogo, cheupe, kimetulia kama hakina habari na mtu.

"Ukungu niliotumia ni wako," akasema. "Toleo jipya kabisa. Nimeuondoa wote, sikubakiza hata punje. Bado kipo."

"Umeangalia mara mbili?"

"Nimeangalia mpaka macho yanauma. Mke wangu, safari hii ninayo."

Alikuwa ameitafuta kwa miaka. Wenzake wa rika moja kila mmoja alikuwa na chanzo chake, na wengine walikuwa na viwili vitatu. Yeye ndiye aliyekuwa akiwasaidia kupima vya kwao, kisha anarudi mezani kwake mikono mitupu. Nilimkumbatia, na furaha yangu haikuwa ya mdomoni. Kabla sijamwachia alikuwa ameshampigia simu mama, na vigelegele vya mama vilisikika hadi mwisho wa korido.

Kumpa mama habari ni kumwaga mtama penye kuku wengi. Jioni tuliporudi, mwenye duka la pembeni alitoka nje kumpa mwanasayansi mkono. Msusi wa saluni ya jirani, shoga yake mama, alitupungia kitana kutoka dirishani huku akinikazia mimi macho. Nilielewa alichokuwa akiniambia.

Mama naye hakuzunguka. Tulipokaa mezani aliweka kijiko chini akasema, "Hii ya nne usiiguse."

"Mama, mimi siziamui."

"Nani anaziamua? Kila akileta, wewe unatoa. Mwanamke gani anamtolea mumewe alichopata?"

"Mama, mwache ale," mume wangu akasema.

"Anakula sana huyo. Ameshakula tatu."

Tukacheka, hata yeye mwenyewe. Halafu, labda kwa sababu furaha ilikuwa imemlegeza, akaniuliza jambo ambalo alikuwa hajawahi kuniuliza tangu aje kuishi nasi. Alisema, "Hebu niambie. Huo ukungu wako unatoka wapi?"

Niliona hiyo ni nafasi ya kuikamata kwa mikono miwili.

"Nyota kubwa ikifa, mama, inalipuka. Mlipuko unarusha vipande vidogo kuliko vumbi, vinaitwa protoni, na vinakwenda mbio karibu sawa na mwanga wenyewe. Hivyo ndivyo tunavyoviita miale ya kosmiki. Vinazurura kwenye galaksi mamilioni ya miaka. Usumaku wa huko juu unavipinda huku, unavipinda kule, mpaka ukikipata kimoja leo huwezi kujua kilitoka kwa nani."

"Kama shemeji yangu yule," akasema mama.

"Kama yeye. Sasa huko vinakozurura kuna gesi, nyepesi mno, imetawanyika kati ya nyota na nyota. Protoni ikiigonga gesi, panazaliwa kitu kinaitwa pioni. Hicho maisha yake hayafiki hata kufumba na kufumbua. Kinakufa, kinaacha miale miwili ya gama. Kuna na elektroni, nazo zina vituko vyao, zinaugonga mwanga wa kawaida na kuupa nguvu mpaka nao unakuwa gama. Jumlisha yote hayo, galaksi nzima, huo ndio ukungu."

Mama alitafuna polepole. "Kwa nini basi pengine uwe mwingi na pengine kidogo?"

"Mvua ikinyesha hapa mtaani, inanyesha wapi?"

"Kila mahali."

"Na kelele unaisikia wapi?"

"Penye bati."

"Basi ndiyo hiyo. Miale ni mvua, gesi ni bati. Penye gesi nyingi pana kelele nyingi."

"Na nyota ya mwanangu?"

"Nyota ni mtu aliyefungulia bomba la maji juu ya paa. Kelele ni yake, si ya mvua."

Akasogeza sahani kando, akauliza, "Sasa wewe uliye ndani, umesikia kelele kubwa mahali pamoja. Utajuaje kama ni bomba, au ni bati tu ambalo hukujua lipo?"

Nilimtazama. Kuna watu wamekaa vyuoni miaka na hawajafika kwenye swali hilo.

"Unatoka nje unalitazama bati, mama."

Mkono wa mume wangu ulikuwa umesimama hewani na kijiko chake. Nilidhani amefurahishwa na mama yake tu, kama mimi. Akamaliza chakula, akasema amechoka, akaenda kulala mapema.

Swali la mama lilinifuata ofisini kesho yake. Ramani ya gesi ninayoitumia sikuitengeneza mimi. Gesi ina sauti yake hafifu ya redio, na ramani hiyo ilishonwa na aliyenitangulia, ambaye sasa amestaafu na anafuga kuku, kutokana na vipande vilivyopimwa na antena nyingi kwa miaka mingi. Palipopimwa, alibandika kipimo. Ambapo hakuna antena iliyowahi kupageukia, aliangalia gesi ya kulia na gesi ya kushoto, akachukua wastani, akatia kiraka. Hakuna ubaya wowote katika hilo, kila mtu wa kazi yetu hufanya hivyo, na yeye alikuwa muungwana: kila kiraka alikipaka rangi ya kijivu ili kila mtu ajue kwamba hapo ni kukisia.

Halafu ikaja siku tulipotakiwa kutengeneza bango kubwa la ukutani kwa ajili ya wageni. Mkuu wa idara akasema michirizi ya kijivu inaharibu sura ya galaksi. Ikafutwa. Bango likapendeza kweli, lipo mpaka leo pale mapokezi, na faili la bango ndilo ambalo sote tuliendelea kulitumia, kwa sababu ndilo lililokuwa zuri. Viraka vilibaki. Rangi ndiyo iliyoondoka, na baada ya muda kumbukumbu nayo ikaifuata.

Nilimpigia mfuga kuku simu, akanitumia ramani yake ya zamani. Nikaiweka juu ya picha ya Mwindaji. Kidoa kilikuwa kimekaa katikati ya kijivu.

Niliinuka nikafunga mlango, nikakaa tena. Maana yake ilikuwa wazi kabisa. Tulikuwa hatujalitazama bati. Tulikuwa tumetazama mabati ya majirani tukasema na hili bila shaka liko hivyo hivyo. Kama mahali pale gesi ni ya kawaida, mwanga ule una mwenyewe, na nyota ni ya mume wangu. Lakini kama pamejificha wingu la gesi ambalo hakuna binadamu aliyewahi kuliona, basi mwanga wote ule ni ukungu, miale ya kosmiki inaligonga wingu na kulimulika, na nyota hakuna. Na wingu likigunduliwa kwa ukungu, katika kazi yetu, ni la mtu wa ukungu. Ni langu.

Moyo uliniruka kwa furaha. Sitaficha. Kisha nikauonea aibu huo moyo, nikaufokea peke yangu pale kitini.

Ijumaa kulikuwa na kikao tunachokiita kikao cha mawe. Ofisini kwetu mtu akileta ugunduzi anauweka ubaoni, na wenzake wote wanautupia mawe: maswali, mashaka, hesabu. Ukisimama, unatangazwa duniani. Ukivunjika, mwenyewe ndiye anayeinuka na kusema umevunjikia wapi, halafu tunakunywa chai na hakuna anayeufufua tena. Sharti ni moja tu: mwenye jiwe halifichi. Mimi nilikuwa nalo zito kuliko yote, na ningelitupa kwa nani? Kwa mtu aliyeosha vyombo safi.

Sikumwambia. Nilijiambia kwamba niende kwanza nikapate hakika, pengine jiwe lenyewe ni la udongo. Kwa nini nimharibie wiki yake nzuri kwa jambo ambalo labda halipo? Jumatano asubuhi nikaendesha gari la idara hadi nje ya mji, kwa Fundi Antena.

Huyu ni mtu mnene, mpole, anayeisimamia antena ya redio ya idara, sahani kubwa nyeupe iliyosimama katikati ya nyasi zilizokatwa vizuri. Nilimkuta amelifungua feni mezani, skrubu zimetapakaa. Nikampa mahali pa kuielekeza.

Akazisoma namba, akanitazama, akazisoma tena.

"Nyie watu mnanichosha," akasema. "Kwani hamzungumzi nyumbani?"

"Una maana gani?"

"Mumeo alikuja jana. Namba hizi hizi. Nimeshampangia kesho mchana."

Nikatafuta mahali pa kukaa, nikakaa juu ya boksi la nyaya.

"Alikuja jana saa ngapi?"

"Asubuhi mapema, hata geti sijafungua. Akaniambia nikikuona nisikwambie."

"Kwa nini?"

Fundi Antena alikuna kidevu kwa bisibisi. "Alisema pale pengine pana wingu, na likiwepo litakuwa lako. Ila hana hakika. Eti hataki ufurahi bure."

Nilikaa juu ya lile boksi hadi Fundi Antena akaniletea maji bila kuombwa. Mtu amepata alichokitafuta nusu ya ujana wake, ameamka asubuhi kwenda kukivunja kwa mkono wake mwenyewe, na kilichomsumbua njiani ni kwamba mimi nisije nikafurahi bure. Nilimpenda mume wangu siku ile kwa namna ambayo nilikuwa sijampenda hata siku ya harusi, na siku ya harusi nilimpenda sana.

Jioni, ofisini, nilimkuta kwenye maegesho akitafuta funguo mifukoni.

"Umetoka wapi?" akaniuliza.

"Kwa Fundi Antena. Na wewe ulikuwa wapi jana asubuhi?"

Akaacha kutafuta funguo. "Mdomo wa yule bwana hauna breki."

"Hana kosa. Nilimpelekea namba zile zile."

Tukatazamana. Alianza yeye kucheka, nami nikafuata, na mlinzi wa geti akatoa kichwa nje kuona kulikoni.

"Ulijuaje?" nikamuuliza.

"Mama aliposema habari ya bati ambalo hukujua lipo, nikaikumbuka ile rangi ya kijivu. Mimi ndiye niliyelitengeneza lile bango, umesahau? Niliifuta kwa mkono wangu, mkuu amesimama nyuma ananihimiza. Usiku ule nililala nikiitazama dari."

"Ungenyamaza, ungeitangaza nyota yako. Nani angejua?"

"Wewe ungejua. Ukaja kugundua baada ya mwaka, ukawa huna la kusema mezani. Mimi nataka mke anayenipigia kelele." Akafungua mlango wa gari. "Na wewe mbona ulinificha?"

"Nilikuwa sitaki uoshe vyombo."

Hilo lilimfikia. Aliendesha hadi nyumbani akiwa ameshika mkono wangu, na gia akawa anaibadilisha kwa shida.

Tulikubaliana mama tumwambie. Tulimwambia, naye akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwamba kesho na yeye anakwenda. Mume wangu akamweleza kuwa ni chumba kidogo chenye joto, hakuna la kutazama ila mstari kwenye kioo cha kompyuta.

"Kama nyota ya mwanangu italiwa," akasema, "nataka niwepo mezani."

Akaja amevaa gauni lake la shughuli, mkoba mkononi, viatu vya kisigino kifupi vilivyozama kwenye nyasi hatua baada ya hatua. Fundi Antena alimpa kiti kizuri, kile chenye mto, na akalielekezea kwake lile feni lililokwisha tengenezwa. Juu yetu sahani kubwa ilikuwa imegeuka kuielekea sehemu ya anga ambayo kwa macho ni buluu tupu ya mchana, kama sehemu nyingine yoyote.

"Huu ndio mstari," Fundi Antena akamweleza. "Sasa hivi unatetemeka kwa sababu ya makelele. Tukingoja, makelele yatatulia. Ukibaki tambarare, gesi ni ile ile ya kawaida. Ukiinuka kilima, kuna wingu."

Mama akajisogeza. "Sasa sisi tunaomba nini? Kilima au tambarare?"

"Tambarare," nikasema.

"Kilima," mume wangu akasema.

Tulisema kwa pamoja. Mama alimtazama yeye, akanitazama mimi, akamgeukia Fundi Antena kama mtu anayetafuta mwenye akili timamu chumbani.

"Tambarare si ndiyo nyota yake?"

"Ndiyo, mama," Fundi Antena akajibu.

"Na kilima si ndiyo wingu lake huyu?"

"Ndiyo."

"Na kila mtu anaombea cha mwenzake." Akaegemea kitini. "Hawa hawajambo kweli?"

Sote tukageukia kioo. Mstari ulikuwa ukitulia. Ncha zake za pembeni zilianza kulala moja baada ya nyingine, na katikati kitu kikagoma kulala. Mwanzoni ungesema ni makelele tu. Kisha kikapanda, kikajaza mabega, na mwisho kilisimama kilima laini cha mviringo ambacho hata mama hakuhitaji kuambiwa.

Mume wangu alivuta karatasi akapiga hesabu. Gesi kiasi kile, ikigongwa na miale ya kosmiki ya kawaida ambayo imo kila mahali, itatoa mwanga kiasi gani wa gama? Aliandika jibu, akalilinganisha na kidoa chake. Akarudia. Akaweka kalamu chini.

"Inatosha," akasema. "Inatosha yote. Hakuna kinachobaki."

Akaniminya bega, akatoka nje. Kupitia dirishani nilimwona akitembea hadi kwenye bomba la bustani, akainama, akanawa uso, akabaki ameinama hivyo kwa muda. Nilitaka kumfuata, nikajikuta bado nakitazama kile kilima. Kulikuwa na nusu yangu iliyokuwa ikishangilia lile wingu, kubwa, baridi, limekaa gizani tangu enzi na enzi likinyeshewa na mabaki ya nyota zilizolipuka bila mtu kulijua, na nusu yangu ya pili ilikuwa pale nje kwenye bomba.

"Haipo tena?" mama akaniuliza kwa sauti ndogo.

"Haipo, mama. Haikuwahi kuwepo."

Nikaungoja ule msemo wake. Ya nne. Nilikuwa nimeshaukubali hata kabla haujatoka.

Hakuusema. Alikuwa akikitazama kile kilima. "Na hilo wingu," akasema, "kweli hakuna mtu aliyewahi kuliona?"

"Hakuna."

"Hata wale wenye mitambo mikubwa?"

"Hata wao."

Mume wangu aliingia, kola ya shati imelowa, na akatabasamu, na lile tabasamu halikuwa la kujikaza. "Mama," akasema, "mkweo ana wingu. Kesho nitasimama mbele ya watu niseme hivyo, na nitasema vizuri. Nyota nitatafuta nyingine."

Mama akafungua mkoba wake, akatoa simu. Masikio yake si mazima, kwa hiyo huongea kwa spika, na mambo yake yote huyasikia kila aliye karibu. Alimpigia msusi.

"Haloo, shoga. Ile habari ya Jumatatu, irekebishe. Si nyota. Ni wingu. Ndiyo, wingu, huko huko mbali. Hakuna mtu duniani aliyewahi kuliona. Na si la mwanangu, ni la mkewe."

Sauti ya msusi ilijaa chumba kizima. "Si nilikwambia! Kaila tena! Yule mwanamke hatosheki, ana roho ya korosho yule, mtoto wa watu kila akipata kitu..."

Fundi Antena aliokota bisibisi akaanza kukaza skrubu ambayo ilikuwa imekazwa tayari. Mimi niliitazama sakafu. Maneno yale niliyafahamu moja moja na mahali yalikotengenezwa.

"Shoga," mama akasema. "Shoga, nyamaza. Hayo niliyasema mimi, nikiwa jikoni kwangu. Wewe nani amekutuma uyarudie?" Msusi alijaribu kusema kitu. "Nyamaza, nimekwambia. Huyo unayemsema ni binti yangu. Nimekaa hapa nimemwona kwa macho yangu akimwombea mume wake apate na yeye akose. Wewe umewahi kumwombea nani?"

Akakata simu, akairudisha mkobani, akaufunga mkoba kwa kishindo. Kisha akamgeukia Fundi Antena.

"Na wewe acha kuchezea feni. Sogeza hicho kioo huku, binti yangu halioni wingu lake vizuri."

Alikuwa amesema kweli. Fundi Antena alikisogeza karibu kabisa, na bado sikuliona, kwa sababu nilikuwa nalia.